Goti Limevimba? Na Macho Je?



Leo naanza na swali. Mdogo wako wa miaka minne anaamka asubuhi akichechemea. Goti limevimba, ila akishacheza kidogo linalegea. Nyumbani wanasema alianguka. Wiki sita zinapita, uvimbe uko palepale. Je, utampeleka kwa daktari wa macho?

Naona mnacheka! Goti na jicho, wapi na wapi? Haya, sikilizeni.

Iko baridi yabisi inayowapata watoto wa chini ya miaka 16. Wengi hudhani ni ugonjwa wa wazee tu. La hasha! Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Viungo vinavimba. Na kwa baadhi ya watoto, kinga hiyohiyo hushambulia ndani ya jicho, kwenye ile sehemu yenye rangi inayoizunguka mboni. Madaktari huita hali hiyo yuveitisi.

Sasa hatari iko hapa. Macho yenye maambukizo ya kawaida huwa mekundu na hutoa tongotongo, kila mtu anaona. Lakini yuveitisi ya watoto hawa mara nyingi haipigi kelele. Jicho ni jeupe, haliumi, mtoto anacheza tu. Kumbe ndani linaharibika! Mpaka uone mboni imepoteza uduara wake, huenda tayari kuna mtoto wa jicho au presha ya jicho. Na presha ikishaharibu uoni, uoni huo haurudi.

Kwa hiyo hatungoji jicho liume. Daktari wa macho hulitazama kwa darubini yenye mwanga mwembamba. Haiumizi. Walio katika hatari kubwa, hasa wasichana walioanza kuugua wakiwa wadogo sana, hupimwa kila miezi mitatu hivi. Ikigunduliwa mapema, matone na dawa nyingine huweza kuokoa macho. Ila jamani, msinunue matone dukani kwa kubahatisha! Yenye steroidi, yakitumiwa bila usimamizi, yenyewe huleta presha ya jicho.

Wewe ndiye unayemvisha mdogo wako viatu asubuhi. Ukiona kiungo kimevimba na hakipungui, mwambie mama au baba, aende hospitali. Mkifika huko usione haya, uliza: "Daktari, na macho je?"