NYUMBA YA MAWE NI KAZI YA WENGI

Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Mji wa Zanzibar



Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Jengo la Beit el Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka wakati kazi ya matengenezo ikiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1883 katika enzi ya Seyyid Barghash bin Said, na lilikuwa limefungwa kwa umma tangu mwaka 2012 baada ya sehemu yake nyengine kuanguka.

Madhumuni ya mazungumzo haya si kurejea uchunguzi wa tukio hilo, wala kumtafuta wa kulaumiwa. Beit el Ajaib ni jengo la aina yake, lenye nguzo za chuma na ukubwa usio na mfano katika Mji. Lakini msiba ule uliwakumbusha wananchi jambo linalozihusu pia nyumba ndogo za Malindi, Kiponda, Shangani na Mkunazini, ambamo watu wanalala kila usiku. Jambo lenyewe ni kwamba nyumba ya mawe na chokaa ilijengwa kwa mikono ya wengi, na haiwezi kusimama ikiwa itaachwa mikononi mwa mtu mmoja, au isiwe mikononi mwa mtu yeyote.

ARDHI NA BAHARI NDIZO ZILIZOPIMA VYUMBA

Mji Mkongwe haukuchorwa kwanza katika karatasi. Vipimo vyake vilitoka katika vitu vilivyopatikana karibu. Mawe ya ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa ardhini, na kwa kazi za nakshi na madaka yalitumika matumbawe laini ya baharini, ambayo huchongeka yakiwa bado mabichi. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo juu ya tanuri la kuni, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yakomae. Boriti zilikatwa katika misitu ya mikoko. Zilizokosekana visiwani zililetwa kwa majahazi kutoka Delta ya Rufiji, ambako mabaharia walizipakia pia kwenda Arabuni na Ghuba, kusiko na miti ya kujengea.

Boriti ya mkoko haina urefu mkubwa. Hiyo ndiyo sababu chumba cha nyumba ya kale, hata cha tajiri, ni kirefu lakini chembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita 3 tu. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, na juu yake hushindiliwa chokaa na kokoto mpaka sakafu iwe ngumu. Ukuta hufikia unene wa nusu mita au zaidi, ili ubebe uzito huo na uzuie joto la mchana. Uwanja wa ndani huvuta hewa, vichochoro vyembamba hutoa kivuli, na madirisha hupokea upepo wa kaskazi na wa kusi kwa zamu zake. Baraza ya nje humpa jirani mahali pa kukaa bila ya kuingia ndani ya nyumba ya watu.

Huko mashamba nako ujenzi ulifuata kanuni hiyo hiyo. Fito, udongo na makuti vilitoka katika shamba la mwenyewe au la jirani, na siku ya kukandika nyumba majirani walikusanyika.

WALIOJENGA

Nyumba moja ya mawe ilihitaji mchimba mawe, mchoma chokaa, mkata boriti, nahodha, mwashi, seremala wa milango na wapiga sakafu. Hawa wa mwisho walisimama safu kwa safu, wakiitwanga dari kwa magongo na kuimba ili mapigo yaende sawa. Ni haki pia kusema bila ya kuficha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo katika karne ya 19 ilifanywa na watu waliokuwa watumwa, ambao majina yao hayakuandikwa katika mlango wowote. Anayeziheshimu kuta hizo anapaswa kuwaheshimu na wao, na ushirikiano unaohitajika leo lazima uwe wa hiari na wenye malipo ya haki kwa fundi.

JINSI NYUMBA INAVYOUGUA

Adui wa kwanza wa nyumba ya mawe ni maji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupokea unyevu na kuutoa tena, na kwa njia hiyo huweza kuishi miaka mingi karibu na bahari. Mara unapopigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia ya kutoka. Hubakia ndani pamoja na chumvi, huilegeza chokaa iliyoshika mawe, na hupanda mpaka kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani. Ncha hizo huoza pasipo mtu kuziona. Kwa nje ukuta huonekana mpya na mgumu, na mwenye nyumba huamini kuwa ameitengeneza. Siku boriti itakapoachia, sakafu ya juu huangukia ya chini.

Madhara kama hayo huletwa na bomba la maji linalovuja ndani ya ukuta, choo kilichoongezwa ghorofani bila ya kinga, mti uliootea juu ya dari, ukuta wa ndani uliobomolewa ili kupata duka, na ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi usiopimwa kwa uzito huo.

NANI MWENYE PAA

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali na kugaiwa kwa familia zilizokuwa hazina makaazi. Nyengine ni mali ya wakfu, na nyengine ni za urithi wenye warithi wengi, baadhi yao wakiwa nje ya nchi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikawa na familia nne au tano. Kila familia ilifagia chumba chake na kukilinda. Lakini paa, ngazi, mfereji na uwanja wa ndani havikuwa vya mtu. Anayekaa chini hakuona sababu ya kuchangia bati la juu, na anayekaa juu hakuwa na uwezo wa kulinunua peke yake.

Hapa ndipo tatizo la ufundi linapogeuka kuwa tatizo la ujirani. Mwashi hodari anaweza kuleta chokaa nzuri, lakini hawezi kuwakutanisha wapangaji, mwenye nyumba na ofisi inayohusika.

MIFANO YA KAZI YA PAMOJA

Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, na mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hatua hizo zimeleta sheria na heshima. Zaidi ya hizo, ipo mifano inayoonesha kwamba jengo hupona pale watu wa kazi mbalimbali wanapokaa pamoja.

Kanisa la Mkunazini, lililojengwa katika miaka ya 1870 mahali palipokuwa na soko la watumwa, lilifanyiwa matengenezo makubwa yaliyomalizika mwaka 2016 kwa msaada wa World Monuments Fund na Umoja wa Ulaya. Kazi hiyo iliambatana na mafunzo kwa mafundi wa hapa hapa, ili ujuzi usiondoke pamoja na wageni.

Upande wa Ng'ambo, mpango uliopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo ulianza mwaka 2013 kwa ushirikiano wa idara ya mipango miji ya Zanzibar, Mji wa Amsterdam na taasisi ya African Architecture Matters. Wataalamu hawakuanza kwa kuchora. Walianza kwa kupita mitaani na kuorodhesha maskani, viwanja vya mpira, mabaraza na majengo ambayo wakaazi wenyewe waliyathamini. Atlasi ya Ng'ambo iliyochapishwa mwaka 2019 ni matunda ya njia hiyo. Imeonesha kwamba mtaa usio na majumba ya kifahari nao una historia, na kwamba mkaazi wa mtaa ni mtaalamu wa mahali pake.

KISIWA KINA MPAKA

Kurejea katika chokaa na boriti hakuna maana ya kurejea katika ukataji usio na kiasi. Mikoko ndiyo inayouzuia ufukwe usiliwe na bahari, na ndiyo malezi ya samaki na kaa. Matumbawe hai ni nyumba ya samaki wanaowalisha wavuvi. Mchanga wa kujengea nao ni haba, na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji yameharibu ardhi ya kilimo.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hutumia tena mawe ya ukuta ulioanguka, hukata ncha iliyooza tu na kuiunga boriti badala ya kuitupa nzima, na huokoa mlango wa kale kabla ya kuagiza mpya. Nyumba inayotengenezwa huuacha msitu ulipo, na nyumba inayoachwa ianguke hudai mawe mapya, mbao mpya na mchanga mpya kutoka katika kisiwa hiki hiki.

YANAYOTAKIWA KUFANYWA

Kutokana na maelezo haya, kila mkaazi na kila mtumishi anayehusika anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

(1) Kabla ya mvua za masika, paa na mifereji isafishwe, na miti iliyoota juu ya kuta ing'olewe ingali michanga.

(2) Kuta za mawe na chokaa zisipigwe lipu ya saruji, na bomba linalovuja litengenezwe mara moja.

(3) Kazi yoyote ya ujenzi au ubomoaji katika Mji Mkongwe iombewe ruhusa ya Mamlaka kabla ya kuanza.

(4) Familia zinazokaa nyumba moja zikubaliane mchango wa paa, ngazi na uwanja, hata ukiwa mdogo, na zichague mmoja wao wa kuushika.

(5) Ofisi inayopokea taarifa ya ufa au sakafu iliyobonyea ipeleke mtu kuangalia, na mkaazi aliyetoa taarifa ajibiwe.

(6) Mafundi wazee wa chokaa wapewe vijana wa kuwafundisha wangali na nguvu.

Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba za Mji huu ufa mara nyingi huanzia juu, katika paa ambalo kila mmoja alidhani kuwa ni la mwenzake. Masika hayangojei kikao. Inafaa basi wakaazi wa kila nyumba wakutane barazani mwao kabla mawingu hayajakusanyika, wapande juu pamoja, na walitazame paa lao.