Kabati la Kalamu za Mti wa Kahawa

Mazungumzo kwa mafundi wa Thika na Ruiru



Mtu asafiriye leo kutoka Ruiru kwenda Thika huona nyumba na viwanda mahali palipokuwa na mashamba makubwa ya kahawa. Mashamba yangali yapo, walakini si mengi kama zamani. Mikahawa mingi imeng'olewa ili kupisha majengo, na mashina yake yameishia jikoni kama kuni. Jambo hilo lafaa kufikiriwa na kila seremala. Kahawa ndiyo iliyolipa karo ya watoto wengi wa sehemu hizi, wakapata kushika kalamu. Sasa wako mafundi wanaoukereza mti uo huo na kuufanya kalamu. Lakini kalamu ya mkono ikitupwa ndani ya kopo pamoja na misumari na funguo huchubuka, na baada ya mwaka mmoja hakuna ajuaye ilitoka shamba gani. Kwa sababu hii fundi wa kalamu ahitaji kabati, naye aweza kulitengeneza mwenyewe nyumbani kwake.

Miti ya kutumia

Mkahawa ni mwembamba, haufai kwa mbao za kabati. Kwa kalamu wafaa sana, maana kalamu moja huhitaji kipande chenye urefu wa inchi 5 na unene wa robo tatu ya inchi tu. Wala si lazima shamba life ili kipande hicho kipatikane. Mkulima akatapo mashina mazee ili machipukizi yashike nafasi yake, mashina hayo yatosha kwa kalamu nyingi.

Kwa kabati lenyewe uko mgrevilea, ambao Wakikuyu huuita mukima. Asili yake ni mashariki ya Australia, nao uliletwa Kenya ili kutia kivuli katika mashamba ya kahawa na chai. Ubao wake ukipasuliwa vizuri huonyesha madoa yang'aayo kama hariri. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, thamani ya miti ya mashambani kama huu ilionekana wazi. Hata hivyo vumbi lake huwasha ngozi za watu wengine. Apigaye randa na afunike pua na kinywa, tena anawe mikono amalizapo kazi.

Kukausha mbao

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Mtu hununua mbao mbichi siku ya Jumatatu, na Jumamosi kabati limekwisha na kupakwa vanishi. Linapendeza machoni, mnunuzi analipa fedha zake na kwenda. Miezi miwili baadaye droo hazifunguki, upande mmoja umepasuka, na mnunuzi yuko mlangoni adai fedha zake. Hasara ya fundi si mbao peke yake, bali na jina lake pia.

Sababu ni hii: ubao mbichi una maji, na maji yakitoka ubao hupungua. Hupungua katika upana. Katika urefu haupungui ila kidogo sana. Basi mbao zipangwe chini ya paa mahali penye upepo, zisiguse ardhi, na vijiti viwekwe kati ya ubao na ubao. Ncha zake zipakwe rangi ili zisikauke haraka na kupasuka. Fundi asiye na chombo cha kupimia maji aweza kutumia mizani. Apime kipande kimoja kila juma na kuandika uzito wake. Uzito ukiacha kupungua kwa majuma kadha mfululizo, mbao zimekauka. Vipande vya mkahawa navyo vikaushwe vivyo hivyo kabla ya kukerezwa.

Vipimo na kazi

Kabati la droo 6 zenye kalamu 10 kila moja litatunza kalamu 60. Kila droo iwe na upana wa inchi 10 kwa ndani, na inchi 6 na nusu toka mbele hadi nyuma, ili kalamu ilale bila kubanwa. Kimo cha droo kiwe inchi moja na nusu, na mbao zake unene wa nusu inchi. Sanduku la nje litengenezwe kwa mbao za robo tatu ya inchi. Upana wake wa ndani uwe inchi 11 na sehemu moja ya nane, kimo inchi 10, na kina inchi 8. Ile sehemu moja ya nane ndiyo nafasi ya droo kupita. Asiyeiacha atajuta wakati wa mvua.

Nyuzi za mbao za pande zote mbili zisimame wima, ili juu, chini na ubavuni zipungue pamoja. Nyuma pawekwe plaiwudi, ambayo haipungui sana.

Droo hutembea juu ya vijiti vilivyofungwa ubavuni mwa sanduku na kuingia katika mfereji uliochimbwa katika kila upande wa droo. Vijiti hivyo hukata nyuzi za ubao. Vikipakwa gundi toka mwanzo hadi mwisho, ubao hauna nafasi ya kupungua, nao hupasuka. Basi gundi itiwe mbele tu, na nyuma parubu moja ipite katika tundu refu kidogo, ili ubao uweze kusogea.

Ili kalamu zisigongane, kila droo huhitaji vijiti viwili vyenye vikato vya nusu duara. Iko njia rahisi ya kuvipata. Fundi achukue kipande chenye urefu wa inchi 10 na upana wa inchi moja na nusu, atoboe matundu 10 ya robo tatu ya inchi katikati yake, moja baada ya jingine kwa nafasi ya inchi moja. Kisha akipasue kwa urefu katikati ya matundu, naye atapata vijiti viwili vilivyolingana barabara.

Vanishi ipakwe nje tu. Ndani pasipakwe kitu, maana vanishi isiyokauka vema hushika kalamu. Kabati liwekwe mbali na jua kali, wala lisiegemee ukuta wenye unyevu, maana mchwa hupenda mahali hapo. Kalamu ya wino itakayokaa muda mrefu ioshwe kwanza.

Kuandika asili ya kalamu

Kazi ya mwisho ni ndogo, nayo ndiyo yenye maana kuliko zote. Mbele ya kila nafasi pabandikwe karatasi yenye jina la shamba, mwaka mti ulipokatwa, na aina ya mkahawa kama yajulikana: labda SL 28, labda Ruiru 11, ile iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha uchunguzi wa kahawa cha Ruiru. Kabla shina halijakatwa, wazee waliolima na kuchuma hapo waulizwe, na maneno yao yaandikwe.

Shamba likishajengwa, mtoto azaliwaye katika nyumba hizo mpya hatajua kwamba hapo palikuwa na kahawa. Akifungua droo moja ataona jina la mahali anapoishi, na kalamu iliyotoka katika ardhi ile ile. Naye fundi aliyengoja mbao zikauke atajua kwamba droo hiyo itafunguka.