Baada ya Kugongewa Muhuri: Ulinganisho wa Sera na Sheria za Uhamiaji katika Jumuiya ya Afrika Mashariki

1. Utangulizi



Mada hii inalinganisha sheria za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na kugusia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inapobidi. Katika mikutano yetu tumezoea kuzigawa nchi hizi mafungu mawili: zilizo wazi na zinazojifungia. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo huo unapotosha. Nchi ileile hufungua katika jambo moja na kufunga katika jingine. Zaidi ya hapo, nani akae wapi na afanye kazi gani mara nyingi haiamuliwi na sheria ya uhamiaji. Huamuliwa na sheria ya ajira, ya leseni za biashara, ya wakimbizi na ya ardhi. Kwa hiyo nimeufuata mfuatano wa mambo yanayomkuta mhamaji mwenyewe: kuvuka mpaka, kuajiriwa, kufanya biashara, kutafuta hifadhi, kupata ardhi na kuwa raia.

2. Kipimo cha pamoja

Kipimo chetu ni Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 7 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine bila viza. Ibara ya 10 inahusu wafanyakazi, ya 13 haki ya kuanzisha shughuli za kiuchumi, na ya 14 haki ya ukaazi.

Itifaki hiyohiyo, hata hivyo, imebakiza mamlaka makubwa kwa nchi. Uhuru wa kuingia unaweza kuzuiwa kwa sababu za sera ya umma, usalama au afya ya jamii. Ajira za utumishi wa umma hazimo, isipokuwa sheria ya nchi iruhusu. Ardhi, kwa mujibu wa Ibara ya 15, inaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Na katika ajira, kila serikali ilijaza jedwali la aina za wafanyakazi itakaowapokea. Ndiyo maana nchi mbili zinaweza kutekeleza itifaki moja kwa namna zisizofanana, na zote mbili zikadai kwamba zinaitii.

3. Kuvuka mpaka

Hapa ndipo nchi zetu zinapokaribiana zaidi. Raia wa Jumuiya haombi viza, na kanuni zinamruhusu kukaa hadi miezi sita bila kulipia. Vituo vya pamoja vya huduma mpakani, kama Namanga, Mutukula, Rusumo na Busia, vimepunguza foleni kwa kuwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja.

Tofauti iliyobaki ni ya nyaraka. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo, na mpaka wake unadai pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kwa mfanyabiashara mkubwa hilo ni jambo dogo. Kwa mama anayevusha nyanya na kurudi siku hiyohiyo, nyaraka ndizo zinazoamua kama atapita kituoni au kwenye njia ya panya.

Mahakama nayo imesema neno. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mohochi, alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Mei 2013 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya na Itifaki. Mamlaka ya nchi juu ya mipaka yake, kwa mujibu wa hukumu hiyo, hayaifuti ahadi ambayo nchi yenyewe imeisaini. Kumbe afisa wa mpakani bado anaweza kumkatalia raia wa Jumuiya, ila sharti awe na sababu za kisheria na azitaje.

4. Kuajiriwa

Muhuri ukishagongwa, njia zinaachana. Kanuni za Itifaki zinamtaka mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi, na mamlaka itoe jibu ndani ya siku 30. Kila nchi imelitafsiri hilo kwa sheria yake.

Kenya inatumia Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011, ambayo imekiweka kibali cha kazi chini ya mamlaka ya uhamiaji. Tanzania Bara imetenganisha mambo hayo: Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 imekiweka kibali cha kazi mikononi mwa Kamishna wa Kazi, wakati kibali cha ukaazi kinatoka Idara ya Uhamiaji. Sheria hiyo inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi wa mgeni, na inaweka ukomo wa muda wote wa kibali.

Zanzibar inaongeza jambo ambalo walinganishaji wengi hulisahau. Uhamiaji na uraia ni mambo ya Muungano, lakini kazi si jambo la Muungano. Mgeni anayehama kutoka hoteli ya Arusha kwenda hoteli ya Nungwi, kwa hiyo, anabaki chini ya Idara ileile ya Uhamiaji huku akiingia chini ya sheria nyingine ya ajira.

Ada nazo zinatofautiana. Kenya na Rwanda ziliwafutia raia wa Jumuiya ada ya kibali cha kazi; Tanzania inatoza. Rwanda ilikuwa na sababu zake za kufungua: ilihitaji walimu, wahasibu na mafundi, na wengi wa viongozi wake walikulia ukimbizini Uganda. Ukarimu wa sheria na mahitaji ya nchi mara nyingi huenda pamoja.

5. Kufanya biashara ndogo

Mfano mzuri wa sheria isiyoitwa ya uhamiaji lakini inayofanya kazi ya uhamiaji ni amri iliyotolewa Tanzania Julai 2025 chini ya Sheria ya Leseni za Biashara. Amri hiyo inawakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, uongozaji watalii, udalali, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani.

Chanzo chake kinaeleweka. Wafanyabiashara wa soko la Kariakoo walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu wageni kutoka mbali walioingia kama wawekezaji na kuishia kuuza rejareja. Lakini amri imetumia maneno “wasio raia” bila kumtenga raia wa Jumuiya. Mkenya mwenye saluni Arusha amewekwa kapu moja na mgeni asiye na itifaki yoyote na Tanzania, ingawa Ibara ya 13 inawataja waliojiajiri. Malalamiko kutoka Kenya yalifuata upesi. Funzo kwetu ni kwamba hakuna kifungu hata kimoja cha Sheria ya Uhamiaji kilichohitaji kuguswa. Aliyekuwa akifuatilia sheria hiyo pekee asingeona badiliko lolote.

6. Hifadhi, ardhi na uraia

Katika eneo hili mgawanyo wa “wazi” na “zilizojifungia” unavunjika kabisa.

Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni za 2010, inampa mkimbizi haki ya kutembea na kufanya kazi, na katika makazi kama Nakivale humkatia kipande cha kulima. Kenya kwa miaka mingi iliwaweka wakimbizi Dadaab na Kakuma. Sheria ya mwaka 2021 imewafungulia zaidi mlango wa ajira na kumruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya kuiacha hadhi hiyo kwa hiari, apate manufaa ya raia wa Jumuiya. Tanzania, kwa Sheria ya mwaka 1998, inamtaka mkimbizi akae kambini na atoke kwa kibali.

Geuza swali, uulize kuhusu uraia. Tanzania hiyohiyo ilitoa tajnisi kwa zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mauaji ya 1972 na kupewa mashamba Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Uganda inampa mkimbizi shamba, lakini njia yake ya kufika kwenye uraia ni ndefu na nyembamba mno. Kwa uraia pacha picha inageuka tena: Kenya iliuruhusu kwa Katiba ya 2010, na Uganda na Rwanda zinauruhusu pia, Tanzania haijaukubali, na Katiba ya Kongo inasema uraia wa nchi hiyo ni mmoja na hauchangamani na mwingine. Na Kenya, iliyowafungulia raia wake wa ughaibuni, iliwaacha Wamakonde wa pwani bila vitambulisho kwa miongo kadhaa hadi serikali ilipowatambua baada ya matembezi yao ya 2016 kwenda Nairobi.

Kuhusu ardhi, nchi zimekaza. Katiba ya Kenya haimpi asiye raia zaidi ya upangishaji wa miaka 99. Tanzania humruhusu kuipata kwa ajili ya uwekezaji tu. Historia ya unyang'anyi wa ardhi wakati wa ukoloni inafanya msimamo huo usiwe wa kushangaza, na sioni faida ya kuuita ubaguzi. Ila mkulima mdogo anayehama na jembe lake hana pa kujiweka katika sheria hizi: si mwajiriwa, si mwekezaji, na asipokimbia vita si mkimbizi.

7. Mapendekezo

Kwanza, wanaoandaa ripoti za utekelezaji wa Itifaki waache kupima uwazi kwa viza na siku za kukaa. Kila nchi ipimwe katika mambo sita niliyoyataja, kila jambo na alama yake.

Pili, muswada wowote wa ajira, leseni au ardhi unaotumia neno “asiye raia” useme wazi kama raia wa Jumuiya amo au hamo. Sentensi moja ingeweza kuzuia mgogoro wa 2025. Nchi ikiamua amo, iamue kwa makusudi, na iwe tayari kuitetea hoja yake mbele ya wenzake na mbele ya Mahakama.

Tatu, ada za vibali vya kazi kwa raia wa Jumuiya zipatanishwe. Ni hatua isiyogusa ardhi wala uraia, na tayari ina mfano ndani ya kanda.

Nne, kuwe na kibali rahisi cha mfanyabiashara na mkulima mdogo wa mpakani, kitolewe wilayani kwa kitambulisho cha taifa. Hawa ndio wengi wanaovuka, na ndio ambao sheria zote nilizozisoma zimewasahau.

Naomba vikundi vya majadiliano vianze na pendekezo la pili. Kila mshiriki achukue sheria tatu za nchi yake zisizo za uhamiaji, atafute neno “asiye raia”, kisha atueleze linamgusa nani.