Trekta Linapochemsha Shambani

Leo tunaacha mbegu na mbolea kidogo, tuzungumze juu ya trekta linalochemsha. Mnajua wenyewe hali ya nchi yetu hii ya kati. Mvua huanza Desemba, hukoma Aprili, na katikati yake mara nyingi hukatika wiki mbili au tatu. Mkulima wa mtama, mahindi au alizeti ana siku chache tu za kulima udongo ukiwa na unyevu. Trekta likilala siku nne katika siku hizo, ipo nyumba itakayonunua chakula mwezi wa Agosti.

Mwezi Desemba 2021 niliitwa katika kijiji kimoja kati ya Kibaigwa na Kongwa. Kikundi cha wakulima kumi na wawili kilikuwa na Massey Ferguson la zamani, la silinda tatu, walilolinunua likiwa limekwisha kutumika. Likienda barabarani na trela la magunia halikuwa na neno. Likiingia shambani na jembe la sahani, baada ya saa moja hivi mshale wa joto unapanda hadi kwenye nyekundu na maji yanafoka. Dereva anasimama, anangoja, anaongeza maji, anaendelea. Kwa siku walikuwa wakilima ekari tatu.

Fundi wa kwanza alisema gasketi ya silinda hedi imeungua. Wakachanga, gasketi ikabadilishwa. Trekta likachemsha. Fundi wa pili akatoa themostati akaitupa. Likachemsha vile vile. Nilipofika, mzee mmoja wa kikundi aliniambia, "Mwanangu, fedha ya kukisia tumeimaliza." Basi tukakubaliana kwamba siku ile hatutafungua boliti hata moja kabla ya kutazama na kuuliza.

Ndugu msikilizaji, swali la kwanza ni hili: linachemsha wakati gani? Kama linachemsha upesi, dakika chache tu baada ya kuwaka na halina kazi, fikiria maji yamepungua, au mkanda wa feni umekatika, au themostati imeganda ikiwa imefunga, au pampu ya maji haisukumi. Kama linachemsha kwenye kazi nzito peke yake, kama lile la Kongwa, basi mara nyingi maji yanazunguka, ila joto halipati njia ya kutosha kutoka. Hapo macho yaende kwenye rejeta.

Kazi ya kulima ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Kijiji kile hakiko mbali na mashamba ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Walileta matrekta kwa mamia, mengi yakiwa mabaki ya vita, na mengi yaliharibika upesi. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ni udongo wenyewe, ambao ukikauka unakuwa kama saruji. Udongo huo bado upo. Ukiteremsha jembe kina kirefu kabla mvua haijalowesha ardhi, hata injini nzima itahema.

Sasa, namna tulivyotazama. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tulifungua kifuniko cha rejeta. Nasema ikiwa baridi, ndugu zangu. Utingo wa trekta lile alikuwa na kovu toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu alifungua kifuniko huku maji yakichemka. Kama ni lazima, ngoja nusu saa au zaidi, weka gunia lililoloweshwa juu ya kifuniko, zungusha kidogo tu mpaka mvuke utoke wote, ndipo umalize.

Tulitia maji mpaka juu, tukawasha injini kifuniko kikiwa wazi, tukatazama. Kama gasketi imeungua, mara nyingi utaona mapovu yanapanda mfululizo tangu injini ikiwa bado baridi, kwa kuwa moshi wa silinda unapenya kwenye maji. Tena chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia humo, na hapo usiendelee kuendesha. Sisi hatukuona mapovu, na oili ilikuwa nyeusi kama kawaida yake. Gasketi ilikuwa salama, na kwa maoni yangu hata ile ya zamani huenda ilikuwa salama.

Mkanda wa feni tuliubonyeza kwa kidole gumba katikati. Ulizama kiasi cha upana wa kidole, sawasawa. Ungelegea zaidi ungeteleza, feni na pampu zikazunguka kivivu.

Kisha tukazima injini ilipopata moto, nami nikapitisha kiganja polepole mbele ya rejeta bila kuigusa, nikaisikiliza kwa ngozi. Pembeni kulikuwa na joto. Katikati na chini kulikuwa baridi, sehemu kubwa kuliko sahani ya ugali. Rejeta nzima huanzia na joto juu na kupungua taratibu kuelekea chini. Ukikuta baka baridi, ujue vijibomba vya hapo vimeziba, maji ya moto hayapiti.

Vimezibwa na nini? Nikauliza maji ya kuongezea wanayachota wapi. Wakanionyesha kisima cha pampu cha kijiji. Nikayaonja: yana chumvi. Ndugu mkulima, tazama ndani ya sufuria ya kuchemshia maji nyumbani kwako. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ndio huo unaoganda ndani ya rejeta. Maji yanapotoka kama mvuke, chumvi haitoki nayo, inabaki. Kwa hiyo kila walipoongeza maji ya kisima baada ya kuchemsha, walikuwa wanaongeza ukoko, na ukoko unaleta kuchemsha tena, na kuchemsha kunaleta kuongeza maji.

Lakini kitu gani kilianzisha mzunguko huo? Hapo kifuniko kilinijibu. Mpira wake ulikuwa umeliwa, na dereva alikuwa amekifungia kitambaa na kipande cha nailoni. Wengi hudhani kazi ya kifuniko ni kuzuia maji yasimwagike tu. Hapana. Kifuniko kizima hubana mvuke, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Dodoma iko juu ya bahari zaidi ya mita 1,100, na kwa urefu huo maji ya wazi huchemka kwenye digrii 96 hivi, hayangoji 100. Kifuniko chenye mpira mzima na springi yake huongeza digrii zaidi ya kumi. Kwa hiyo kitambaa kinachoweza kusamehewa Bagamoyo hakisamehewi kwetu.

Tena mbele ya rejeta, nyuma ya wavu, tulikuta makapi ya alizeti na mbegu za nyasi zimeshindiliwa kama godoro. Trekta hilo hilo ndilo lililozungusha mashine ya kupura mwezi wa Juni. Hakuna aliyekumbuka kusafisha.

Tulisafisha makapi kwa maji, tukisukuma kutoka upande wa injini kwenda mbele. Feni huvuta upepo toka mbele, kwa hiyo ukimwagia kwa mbele unashindilia uchafu zaidi. Rejeta yenyewe ilipelekwa mjini kwa fundi wa rejeta, akafungua matangi yake ya juu na chini na kuzibua vijibomba kwa waya bapa. Ukoko ukiwa mwembado tu unaweza kuulainisha kwa unga wa ndimu uliochanganywa na maji, kisha ukasuuza mara tatu au nne. Lakini wao walikwisha chelewa. Tukanunua kifuniko kipya cha aina ile ile, na themostati tukairudisha.

Ngoja niseme neno juu ya themostati, maana mafundi wetu wanapenda kuitupa. Bila hiyo injini ya dizeli hukaa baridi muda mrefu, hasa asubuhi za Juni na Julai, mafuta hayaungui vizuri na injini huchakaa. Ukiishuku, ifungie uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Nzima hufunguka kabla maji hayajachemka, na ukiitoa hufunga tena. Isipofunguka, nunua nyingine.

Kazi yote ilichukua siku nane, pamoja na kungoja fundi. Trekta lilirudi, likalima toka asubuhi mpaka saa kumi bila mshale kugusa nyekundu. Hata hivyo wanachama wawili walikuwa wamechelewa kwa mahindi, wakapanda uwele.

Na kama linachemsha ukiwa katikati ya tuta? Inua jembe, iache injini izunguke polepole bila kazi dakika chache, ndipo uzime. Lakini kama maji yamekwisha kumwagika, zima papo hapo. Angalia jambo moja: maji yakiisha kabisa, mshale wa joto unaweza kushuka ghafla, dereva akafurahi, kumbe geji haina maji ya kupima. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi itapasuka.

Kikundi kile sasa wana pipa la lita 200 chini ya bati la ghala. Mvua za Januari hulijaza, na hayo ndiyo maji ya rejeta mwaka mzima, hayachotwi kwa kazi nyingine. Mwenye uwezo achanganye na kulanti ya dukani, inazuia kutu pia. Kwa mfumo usiovuja, hata ndoo moja ya akiba hukaa muda mrefu.

Mwisho, wale wenye mashine za kusaga na matrekta madogo ya mkono yenye tanki la maji lililo wazi juu ya injini: hizo zimeundwa zichemshe. Mvuke ukitoka usishtuke. Tazama lile boya tu, likishuka ongeza maji, nayo yawe ya mvua.