Bima ya Afya kwa Wote na Wajibu wa Chama cha Msingi



Ugonjwa hauna msimu, bali fedha ya mkulima ina msimu. Kahawa ya Tarime na pamba ya Serengeti hulipwa mara chache kwa mwaka. Homa ya mtoto na uzazi wenye matatizo huja siku yoyote. Kaya isiyo na akiba hulazimika kuuza ng'ombe kwa bei ya kutupa ili mgonjwa afikishwe hospitali ya Tarime au Mugumu. Mgonjwa hupona, lakini plau hukosa wa kuikokota.

Dawa ya tatizo hili imetafutwa kwa miaka mingi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zahanati zilienea vijijini na matibabu ya serikali yalitolewa bila malipo. Mwaka 1993 uchangiaji ulianza. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukapata sheria yake mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilitakiwa kuchangia Sh. 30,000 kwa mwaka. Hata hivyo kujiunga kulikuwa kwa hiari, na wengi walingoja mpaka waugue. Mfuko unaotegemea wagonjwa peke yao hauwezi kudumu. Bima husimama pale mzima wa leo anapomchangia mgonjwa wa leo, akijua kwamba kesho zamu ni yake.

Kwa sababu hiyo, tarehe 1 Novemba 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo inamtaka kila mkaazi awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo.

Chama cha Msingi kinaingia wapi? Malipo ya mazao hupita katika vitabu vyake, wala hapana siku nyepesi ya kuchangia kuliko siku ya malipo. Walakini neno "makato" humkunja mkulima uso, naye hana kosa: amekwisha kuona fedha ikikatwa bila kuelezwa ilikokwenda.

Hivyo hapana budi mambo 4 yazingatiwe. Kwanza, makato yaamuliwe na Mkutano Mkuu kabla ya msimu, si na Bodi peke yake. Pili, kila mwanachama atie sahihi na kuorodhesha wategemezi wake wote. Mke wa pili na watoto wake wasiachwe nje. Tatu, fedha ya bima itengwe na fedha ya chama na kupelekwa bila kukawia. Isikopwe hata kwa kununulia magunia. Nne, majina ya waliolipiwa yabandikwe ghalani, na kila mmoja apewe stakabadhi.

Mwanachama atakayefika zahanati na kukuta jina lake halimo hatakwenda Dodoma kuuliza, atamwuliza Katibu. Jibu la swali hilo liandaliwe sasa, ghala lingali tupu.