Mafundisho ya Kazi za Mikono: Tuyapimeje?

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka, Ntimaru



Halmashauri imetuagiza tujibu swali moja: fedha za chama zilizotumika kuwafundisha vijana kazi za mikono zimezaa nini? Twaona si haki kujibu kwa kusoma orodha ya vyeti tu. Kwa hiyo twaanza mbali, kwa wakimbizi, maana wao wamejaribiwa katika jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi.

Kambi za Dadaab zilianza kufunguliwa mwaka 1991, na ile ya Kakuma, katika nchi ya Waturkana, mwaka 1992. Tangu siku hizo watu wengi wamefundishwa humo useremala, uashi na ushonaji. Lakini kumaliza masomo ni jambo moja, na kula kwa jasho lako ni jingine. Kwa miaka mingi mkimbizi hakuweza kutoka kambini bila hati ya ruhusa, wala kuajiriwa bila kibali kilichopatikana kwa shida. Seremala aliyehitimu aliwauzia viti majirani ambao nao waliishi kwa posho ya chakula. Je, kosa lilikuwa la mwalimu? La. Fundi alikuwapo, soko na ruhusa havikuwapo.

Tazameni ng'ambo ya mpaka wetu. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipewa mashamba huko Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima, wakajilisha, wakauza mazao. Na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao wakapewa uraia. Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2006, yawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na kutembea. Hapa Kenya, makao ya Kalobeyei yalianza kupokea wakimbizi mwaka 2016 ili wao na wenyeji wasaidiane, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ikafungua mlango wa kazi, na Mpango wa Shirika ukazinduliwa mwaka 2025. Mlango kufunguliwa ni habari njema. Lakini kipimo ni watu watakaopita.

Katika hayo tumepata maswali manne. Kwanza, kazi ilichaguliwa kwa kutazama soko, au kwa kumpendeza mfadhili? Pili, aliyehitimu alipata vyombo na ruhusa ya kufanya kazi? Tatu, mwaka mmoja baadaye anakula kwa kazi hiyo? Nne, amempita jirani yake ambaye hakufundishwa? Bila swali hili la mwisho, twaweza kujisifu kwa mvua iliyonyesha mashamba yote.

Sasa tujitazame wenyewe. Tuliwafundisha binti zetu kushona, tukawapa vyeti mbele ya wageni, tukapiga picha. Tulipowatembelea nyumbani, tulikuta wengine hawana cherehani. Wenye cherehani wanagombania sare zilezile za shule katika soko moja. Wengine waliacha masomo katikati kwa kukosa wa kuwalelea watoto, nasi hatukuwahesabu kabisa. Tena tulimkuta mmoja ambaye hakusoma kwetu, aliyefundishwa na shangazi yake, naye anapata riziki kuliko wengi wa wanafunzi wetu.

Haya hatukuyaandika katika ripoti iliyopita. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tulioshika kalamu twakiri kwamba daftari lilikuwapo, ila tuliandika hesabu ya kupendeza. Twaomba radhi.

Twaliomba basi baraza hili likubali mambo matatu. Kabla ya kufungua darasa lolote, tutembee sokoni hapa, Kehancha na Isebania, tuulize ni kazi gani inayokosa fundi. Sehemu ya fedha iwekwe kwa ajili ya vyombo, hata ikiwa wanafunzi watapungua. Na kila mwanafunzi, aliyemaliza na aliyeacha, atembelewe baada ya mwaka mmoja, na habari yake isomwe hapa, njema au mbaya.

Huenda ripoti ijayo itakuwa na majina machache. Lakini mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto wake asome anastahili kuambiwa kweli.