Sataranji na Msichana wa Katwe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyasubi)



Twaomba radhi kuleta habari ya mchezo katika mkutano uliozoea kusikia habari za mishahara na likizo. Lakini shauri la chumba chetu cha michezo limo katika mambo ya leo, nasi tumeona vema tulitangulizie habari ya mashindano ya taifa ya sataranji ya vijana, yaliyofanyika Uganda mwaka 2012.

Kwa wasioujua mchezo huu, ubao wake una vyumba 64 na kete 32. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Ajabu kidogo! Wale walioanza isolo wakichunga ng'ombe hawatashindwa na hesabu yake. Ila hapa kila kete ina mwendo wake, na askari, aliye mdogo kuliko wote, akifika salama mstari wa mwisho huweza kugeuzwa malkia.

Mashindano yale yalikuwa na sehemu ya wazi, wavulana na wasichana pamoja. Aliyeishinda ni Phiona Mutesi, msichana wa kadiri ya miaka 16. Kabla yake hapana msichana aliyepata kuishinda. Mwaka ule ule, huko Istanbul, alipata daraja ya mwanzo ya ubingwa wa wanawake itolewayo na FIDE, chama cha sataranji cha dunia.

Basi huyu alitoka wapi? Alitoka Katwe, mtaa wa mabanda mjini Kampala. Baba yake alikwisha kufa, naye alikuwa akitembeza mahindi ili nyumbani wapate kula. Mwaka 2005 alimfuata ndugu yake kwa siri mpaka mahali ambapo Bwana Robert Katende alikuwa akifundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Hakufuata mchezo, alifuata uji. Aliyepewa kumfundisha ni mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2009 alikwenda Juba pamoja na wavulana wawili wa Katwe, wakarudi na ushindi. Mwaka 2010 alichezea nchi yake Khanty-Mansiysk, Urusi, akashindwa mara nyingi. Akarudi, akajifunza tena. Mwaka 2016 habari zake zilitolewa katika sinema.

Mabwana, twapenda hasa mkumbuke yule mtoto aliyesimama mlangoni akichungulia. Maana sisi pia tulipata wa kwetu. Alikuja nyuma ya kaka yake, akasimama karibu na bao, akahesabu kete kwa macho. Na mmoja wetu alipokosea, yeye akacheka kabla sisi hatujaona kosa. Tukamwambia aende akateke maji. Hapana aliyemtetea, wala sisi tusemao leo. Hakurudi tena.

Kwa hiyo twaleta ombi hili. Chumba kifunguliwe Jumamosi alasiri kwa watoto wa wanachama, wa kiume na wa kike. Mbao mbili za sataranji zaweza kupigwa mistari kwa rula na wino hapa hapa ofisini, na kete atazichonga seremala. Uji tutachanga. Tena twaomba mwenzetu anayekaa karibu na nyumba ya yule mtoto apite kwao kabla ya Jumamosi, azungumze na mama yake.